Beji Zilizolala Mkebeni

Wanaoandaa shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba wameniletea rasimu yao na kuniomba niandike "maneno machache ya mzee" ya kuwekwa mbele. Nimestaafu mwezi uliopita, kwa hiyo wanadhani sina kazi. Kweli sina. Nimeisoma rasimu yote, hata viambatisho, ambavyo nina hakika baadhi ya waandishi wenyewe hawakuvisoma. Vyeo vyangu na mishahara yangu nitaviruka. Havijawahi kumfundisha mtu kitu. Nitaandika juu ya miaka ya hamsini pale Nakuru, na nitaeleza kwa nini jedwali lililo kwenye kiambatisho cha tatu lazima liondolewe kabla mwanafunzi wa kwanza hajalifikia.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa pale stesheni akigonga kila gurudumu kwa nyundo ndefu na kusikiliza kama lina ufa. Tuliishi kwenye landhi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli, watoto sita chumba kimoja, na harufu ya mafuta ya injini ilifika mpaka kwenye ugali. Aliniambia nisome ili nisije nikagonga vyuma maisha yangu yote. Nikasoma mpaka fomu tu, yaani kidato cha pili, nikajifunza kupiga taipu, na nilipofika miaka ishirini na miwili nikaajiriwa ukarani katika hospitali moja ya mji huo. Sitaitaja, maana waliopo leo hawana hatia. Walitaka mtu wa kuandika namba kwenye picha za eksirei. Mimi, Josia Amwayi, nilikuwa sijawahi kuiona picha ya eksirei, na nilidhani mashine yake ni kamera kubwa tu.

Chumba cha eksirei kilikuwa mwisho wa jengo, baada ya stoo ya mashuka. Mashine ilitoka jeshini baada ya vita, rangi yake ya kijani ikiendelea kubanduka, na nyaya za umeme zilipita juu ya vichwa vyetu bila kufunikwa. Wakati wa kiangazi vumbi la magadi kutoka ziwani lilipenya chini ya mlango na kukaa juu ya kila kitu. Msimamizi wa chumba aliitwa Mbugua wa Ng'ang'a. Alikuwa na miaka arobaini na mitano hivi, mwembamba, mwenye koti la khaki lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Alijifunza eksirei Burma, ndani ya hema la hospitali ya jeshi, kwa kumtazama sajini mmoja ambaye hakupenda kueleza jambo lolote.

Asubuhi yangu ya kwanza hakunisalimu. Alizima taa, akawasha mashine, akaweka mkono wake wa kushoto mbele ya kioo kinachong'aa. Mifupa ya vidole ikatokea, kila kiungo mahali pake. Akaikunja, akaikunjua, akazima.

"Hii ndiyo kuamkia mashine," akasema. "Kama unaona mifupa vizuri, imeamka. Kama hapana, ongeza kidogo. Mimi najua hii mifupa yangu kuliko sura yangu."

"Kila asubuhi, mzee?"

"Kila asubuhi. Hata Jumapili kama kuna ajali. Sasa, habari yako? Umesoma mpaka wapi?"

"Fomu tu."

"Hiyo ni mingi. Hapa nataka mtu anajua kutazama saa bila haraka."

Hivyo ndivyo yule sajini alivyomfundisha, na hivyo ndivyo alivyonifundisha mimi. Leo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angepiga ukelele. Anajua kwamba mionzi ile haiumi siku inapokupiga, inajilimbikiza tu, miaka na miaka, mpaka siku ngozi inapokataa kupona. Sisi tulijua kwamba haiumi, na tukaishia hapo.

Saa aliyokuwa akiisema ilikuwa ya ukutani, ndani ya chumba cha giza, ambacho zamani kilikuwa sehemu ya stoo ya mashuka. Pale ndipo nilipojifunza kazi. Filamu inaingia kwenye dawa ya kwanza, inakaa dakika tano kamili, halafu maji, halafu dawa ya pili ya kukazia picha, tuliyoiita haipo, halafu maji tena. Mbugua hakukubali dakika nne na nusu. Siku moja nilikuwa na njaa nikaitoa filamu mapema, ikatoka nyeupe-nyeupe, nzuri kabisa machoni pangu. Aliishika mbele ya taa nyekundu kwa muda mrefu.

"Hii inadanganya daktari," akasema. "Anaangalia, anasema mfupa ni mzima, na mtu ako na ufa. Mtu anaenda nyumbani, anavunjika vizuri. Wewe ndio umemvunja."

Nikairudia kazi yote na chakula changu kikapoa. Baba aliposikia hadithi hiyo alicheka sana na kusema angependa kumwona mzee huyo. Walikutana mara moja sokoni na wakazungumza juu ya nyufa mpaka mama akachoka kusimama.

Kesi ngumu zilikuwa watoto. Mtu mzima unamwambia ashike pumzi, anashika. Mtoto wa miaka miwili aliyemeza kifungo cha shati hawezi kuambiwa. Namkumbuka mmoja kutoka Molo, mama yake alikuja juu ya lori la viazi, amemfunga ndani ya blanketi mbili, anakohoa na kugeuka buluu. Tulikuwa na aproni moja tu ya risasi, nasema ile metali nzito, si ile ya bunduki, ambayo miaka hiyo ilikuwepo kwa wingi zaidi. Mbugua alimvika mama aproni, akamshika mtoto mwenyewe kwa mikono miwili, uso karibu na uso, akimwimbia kitu cha Kigikuyu, mpaka daktari alipokiona kifungo na kukitoa. Alifanya hivyo kwa kila mtoto. Nilipomuuliza kwa nini asivae yeye aproni, alisema mama bado atazaa na yeye amemaliza.

Sasa niseme juu ya pasi. Mnaosoma hapa wengi mlizaliwa baadaye. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na Mgikuyu aliyefanya kazi Bonde la Ufa alitembea na kitabu cha pasi mfukoni. Kikikosa sahihi, au kikiandikwa neno baya, unapandishwa lori unarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wagikuyu, wewe na mke na masufuria. Niliyaona malori hayo yakipita njia ya Gilgil, watu wamesimama kama magunia ya mkaa. Mbugua alibaki kwa sababu moja tu. Kila baada ya miezi mitatu daktari mkuu aliandika kwenye pasi yake kwamba anahitajika chumba cha eksirei. Hakuandika kwamba anahitajika hospitali. Aliandika chumba cha eksirei. Mbugua aliniomba nimsomee maneno hayo kila mara yalipoandikwa, ingawa alijua kusoma.

Mke wake, Mama Wairimu, alikuwa na bustani ndogo ya mboga za sukuma nyuma ya nyumba yao huko Bondeni. Kule rizavu hawakuwa na shamba. Babake Mbugua alikuwa ameondoka zamani kuja kulima pareto kwa mzungu, na sehemu yake ilikwisha kuchukuliwa na ndugu. "Wananiambia nirudi nyumbani," alisema Mbugua. "Nyumbani ni wapi? Mimi nimezaliwa Njoro."

Ndipo akaja Bwana Hollis. Alikuwa mwanafizikia, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuja kwa treni kutoka Nairobi kila Jumatatu ya pili. Alikuwa ametumwa kuandaa mafunzo ya wasaidizi wa eksirei wa hospitali za mashambani. Lakini ndani ya mkoba wake alikuwa na jambo jingine alilolipenda zaidi. Alikuwa anatunga mafunzo ya juu, ya mwaka mzima, kwa watu ambao tayari wana digrii ya sayansi, ili wawe wataalamu wa fizikia wa hospitali. Aliyaita Mwaka wa Baada ya Digrii. Wazungu wenzake walimcheka. Mwafrika mwenye digrii ya fizikia walikuwa hawajamwona, na yeye Hollis alikuwa hajamwona pia, lakini aliendelea kuandika mtaala wake kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda.

Mimi nilipiga taipu kila kitu. Nilipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kueleza. Usiku nililala nikirudia majina ya masomo: mionzi na maada, hesabu za vipimo, ulinzi wa mfanyakazi. Hollis aliniuliza kama ningetaka kuwa mwanafunzi wa kwanza wa ngazi ya chini, halafu nimalize shule, halafu chuo, halafu nirudi kwenye Mwaka wake. Aliuliza kama jambo la kawaida, huku anatafuta kalamu. Nilitoka nje, nikanawa uso kwenye tangi la maji, nikarudi kumaliza ukurasa.

Na mafunzo hayo yote yalikuwa yafanyike hapo Nakuru, kwa sharti. Chumba chetu kilitakiwa kupimwa kwa mwaka mmoja kionekane ni salama. Kikionekana kibaya, mafunzo yangehamia Nairobi, pamoja na Hollis na kila kitu.

Kipimo chenyewe kilikuwa beji. Ni kipande kidogo cha filamu ndani ya karatasi isiyopitisha mwanga, kimewekwa kwenye kishikizo cha bati, unakibana kifuani. Kila mwezi beji zinakusanywa na kupelekwa Uingereza kwa posta, zinaoshwa na kusomwa. Filamu ikitoka nyeupe, hukupata mionzi. Ikitoka nyeusi, umepata, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ulivyopata zaidi. Kanuni ya Hollis ilisema atakayetoka na filamu nyeusi aondolewe chumba cha eksirei kwa miezi sita apumzike. Ilikuwa kanuni nzuri. Hata leo nisingebadili neno.

Mbugua alinisikiliza nikimsomea. Akauliza jambo moja tu: akiondolewa chumba cha eksirei, daktari ataandika nini kwenye pasi?

Wote wawili tulijua: hataandika kitu.

Wazo lililofuata lilikuwa langu, na naomba isidhaniwe kwamba namlinda mtu. Tulikuwa na kabati lililofunikwa risasi ndani, la kuhifadhi filamu mpya zisiharibiwe na mionzi. Nilitia beji zetu zote, yake na yangu na za wenzetu wawili, ndani ya mkebe mtupu wa majani chai, nikaufunga, nikauweka kwenye kona ya kabati hilo. Zikalala humo mwezi mzima. Jumatatu ya treni tulizitoa, tukazibana kwenye makoti, tukampokea Hollis kama watu wenye adabu. Treni ikiondoka, zinarudi mkebeni. Mbugua aliniambia nimefikiria kama afisa. Nilifurahi sana kusifiwa hivyo na nikakumbuka kuongeza kipande cha pamba ndani ya mkebe zisigongane.

Majibu yalirudi kutoka Uingereza, mwezi baada ya mwezi, sifuri, sifuri, sifuri. Hollis hakuamini. Alitembea chumbani, akatazama nyaya, akatazama mashine ya jeshi.

"Amwayi, hii ni ajabu," akaniambia. "Mashine hii mzee sana, na nyinyi wote safi. Fundi yako ni hodari."

"Ndiyo, bwana. Ni hodari."

Jambo nililolisahau ni kwamba mtu kama Hollis hapokei namba akaziweka tu kwenye faili. Alizitumia. Katika rasimu ya kwanza ya mtaala wake, kwa wasaidizi na kwa Mwaka wa Baada ya Digrii vilevile, kulikuwa na masomo kumi ya ulinzi wa mfanyakazi. Akiwa na majibu ya Nakuru mkononi aliyapunguza yakawa mawili. Aliandika kwamba uzoefu wa hospitali ya mashambani umeonyesha kuwa hatari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na nafasi iliyopatikana ipewe hesabu. Akaandika pia kwamba ukuta wa risasi wa kusimama nyuma yake, uliokuwa umeagizwa kwa ajili yetu, upelekwe hospitali nyingine yenye mahitaji zaidi. Nilizipiga taipu barua hizo, nakala tatu, bila kosa hata moja.

Karibu na mwisho wa mwaka ule vidole vya mkono wa kushoto wa Mbugua vilianza kupasuka. Kwanza kucha zilipata mistari, halafu ngozi ikawa kavu na kung'aa, halafu kidole cha shahada kikafanya kidonda kisichofunga. Mama Wairimu alikipaka mafuta ya kondoo. Daktari alisema ni dawa za kuoshea filamu, maana zinakula ngozi, na ni kweli zinakula. Mbugua mwenyewe hakuwa na hakika.

"Nataka kujua," akaniambia. "Si Hollis. Mimi. Ni dawa, ama ni mashine? Kama ni dawa, nitavaa glavu ya mpira, mambo kwisha. Kama ni mashine..." Akakitazama kidole. "Tuchukue beji moja. Niivae mwezi mzima, kabisa kabisa, asubuhi mpaka jioni. Halafu usitume Ulaya. Osha hapa, uniambie."

Akaivaa. Mwezi ule nilimwona akiamkia mashine kila asubuhi, beji kifuani. Nilimwona akimshika mtoto aliyevunjika paja kwenye ajali ya lori la Mai Mahiu, na mwingine, na mwingine. Siku ya mwisho alinikabidhi, nikaingia chumba cha giza saa ya chakula, yeye akabaki nje kwenye benchi na kikombe chake cha chai. Niliosha filamu yake pamoja na nyingine mpya ambayo haikuvaliwa na mtu, ili nizilinganishe. Nilitazama saa.

Ile mpya ilitoka nyeupe. Yake ilitoka nyeusi. Niliiweka juu ya gazeti na sikuweza kusoma hata kichwa cha habari.

Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilijiambia kwamba akijua ataacha, akiacha atapandishwa lori, na rizavu hana hata mahali pa kupanda sukuma. Hiyo ilikuwa kweli, na kwa miaka mingi nimejifariji nayo. Lakini kulikuwa na kweli nyingine. Akiacha itabidi sababu itajwe, chumba kitaonekana kibaya, mafunzo yatahamia Nairobi, na karani wa fomu tu wa Nakuru atabaki karani. Niliyafikiria yote mawili, na siwezi kuapa ni lipi lililofungua mlango.

"Eh?" akasema Mbugua.

"Iko safi, mzee."

"Safi kabisa?"

"Kama zile za mkebeni."

Alinitazama kidogo. Halafu akacheka, akamwaga machicha ya chai chini, akasema, "Basi ni dawa. Nitafute glavu."

Akazipata, glavu nyekundu za mpira. Kwa zaidi ya miaka miwili hakugusa dawa bila glavu. Alikuwa mwangalifu sana. Alizivua, akazianika, akaingia chumba cha mashine na kuweka mkono mtupu mbele ya kioo.

Kidole cha shahada kilikatwa kwanza. Kilifuata cha kati, na nusu ya kiganja. Alipopoteza mkono wa kushoto alianza kuamkia mashine kwa ule wa kulia. Nilimwambia mara moja aache, tena kwa sauti kubwa, na alishangaa nimekasirikia nini wakati filamu ilikuwa safi. Baadaye uso wake ukabadilika rangi, akawa anachoka akipanda ngazi tatu, fizi zikatoka damu. Daktari alisema ni damu, ugonjwa wa damu, na hakusema zaidi.

Nilimtembelea wodini kila mchana. Siku moja, mkewe akiwa ameenda kuchota maji ya moto, alinipungia nikaribie.

"Josia. Ile filamu yangu. Uliiosha dakika ngapi?"

Nilielewa mara moja alichokuwa akiuliza. Filamu iliyotolewa mapema kwenye dawa hutoka nyeupe hata kama imepigwa mionzi ya kutosha. Mzee alikuwa analala pale miezi mingi, akilifikiria jambo lile, na akawa ananitafutia mlango wa kutokea. Kama niliharakisha, basi filamu ndiyo iliyodanganya, na mimi nilikosea tu kama kijana mwenye njaa.

"Mbili," nikasema. "Nilikuwa na haraka, mzee. Nisamehe."

Alifumba macho. Nadhani alifurahi.

"Mbili," akasema. "Basi ndiyo hiyo. Ilitoka mapema." Kisha akaongeza, "Usiambie mtu ni mimi nilikufundisha."

Alikufa wiki hiyo. Ilikuwa miezi michache tu kabla Hali ya Hatari haijaondolewa na pasi zile kuwa karatasi za kuwashia moto. Mama Wairimu aliomba kibali cha kumpeleka akazikwe kwao, akapewa, na hospitali ikamtolea lori. Mbugua alipanda lori la kwenda rizavu hatimaye, na mke wake, na masufuria. Nilisaidia kupakia. Mjane alipoandika kuuliza kama kazi ndiyo iliyomuua mumewe, uongozi ulitazama majibu ya beji na kumjibu kwamba haikuwa kazi. Barua hiyo pia niliipiga taipu mimi.

Hollis alihuzunika kwa dhati. Alinishika bega na kusema angalau tunajua chumba hakikumdhuru. Filamu nyeusi ilikuwa mfukoni mwa koti langu alipokuwa akisema hivyo. Mwaka uliofuata alirudi kwao, na Mwaka wake wa Baada ya Digrii ukaingia kwenye makabrasha bila mwanafunzi hata mmoja. Mafunzo ya wasaidizi yalianza, nami nilikuwa wa kwanza kwenye orodha kama alivyoniahidi. Yaliyofuata mnayajua: shule, chuo, ng'ambo, kufundisha. Vijana waliniita Mzee Beji kwa sababu nilikuwa nikiwasimamisha ukumbini na kuwapapasa kifua kutafuta beji, kama askari. Walidhani ni ukali wa asili.

Sasa turudi kwenye rasimu yenu. Mmeyafukua makabrasha ya Hollis, na nawapongeza, maana yule bwana aliwaona ninyi miaka thelathini kabla hamjafika. Lakini katika kiambatisho cha tatu mmeweka jedwali lake la Nakuru, sifuri kutoka juu mpaka chini, na mkaliita mfano wa chumba cha zamani kilichosimamiwa kwa usalama. Halafu, kama yeye, mkatenga masomo mawili tu ya ulinzi. Zile sifuri ni za mkebe wa majani chai. Liondoeni jedwali. Rudisheni masomo kumi. Na katika la kwanza msianze na fizikia; waulizeni wanafunzi wenu ni nani katika hospitali zao atapoteza kitu akikutwa na beji nyeusi, na wasiendelee mpaka wamjue kwa jina.

Barua ya Mama Wairimu nayo inastahili jibu jingine. Yeye hayupo tena, lakini binti yao Wairimu yupo, anafundisha shule huko Subukia. Nitamwandikia wiki hii. Nimeahirisha kwa kila namna anayoweza kuahirisha mtu mwenye kazi, na sasa sina kazi.

Ndani ya bahasha hii mtakuta filamu. Iingizeni kwenye kumbukumbu za chuo kwa jina la Mbugua wa Ng'ang'a, mwezi mmoja, chumba cha eksirei, Nakuru. Atakayeipokea atataka kujua kama ni ya kuaminika, na ana haki ya kuuliza. Niliiosha dakika tano kamili, kwa saa ya ukutani. Alinifundisha vizuri.